Budalang'i usiku: kijiti humwangukia nani?

Wiki chache zilizopita nilikimbia usiku juu ya tuta la Mto Nzoia, kule Budalang'i, kijiti mkononi na tochi kichwani. Nina miaka arobaini na kitu, tumbo limeshaanza kunitangulia, na kwetu mtu wa umri wangu akionekana anakimbia usiku huulizwa kaiba nini. Lakini nilirudi na jambo linalotuhusu sisi wa Pwani, hasa ndugu zetu wa Tana Delta.

Shemeji yangu ni wakala wa forodha mpakani Busia. Yeye na wenzake wana kikundi cha mazoezi, na safari hii waliamua kufanya mbio za kupokezana kijiti usiku kucha: watu wanane, kama kilomita 70, kutoka upande wa Mumias hadi Port Victoria, kwa njia za miguu zinazoandamana na Nzoia. Mmoja wao aliumia goti, shemeji akanipigia simu. Nikakubali kabla sijafikiri.

Mchezo huu Marekani wameuzoea. Mbio za Hood to Coast, katika jimbo la Oregon, zilianza mwaka 1982 na timu 8 tu. Siku hizi timu huhesabiwa kwa mamia, nazo hukimbia usiku na mchana kutoka mlimani hadi bahari ya Pasifiki. Sisi hatukuwa na makubwa hayo. Tulikuwa na Probox moja, madumu ya maji, ndizi, na kijiti kilichokatwa kutoka mpini wa jembe.

Tuliswali Isha, tukaanza. Njia ilipita kwenye mashamba ya miwa ya Kakamega, ikaingia Siaya, ikaishia Busia. Kaunti tatu kwa usiku mmoja. Wakimbiaji wetu hawakuwa wabaya, kila mmoja alimaliza zamu yake. Taabu ilitupata pahala pengine. Saa nane na ushei usiku, mwenzetu wa tano alifika kituoni akakuta giza tupu. Mpokeaji alikuwa amelala ndani ya gari, upande wa pili wa daraja, na sisi sote kila mmoja alidhani mwenzake amemwamsha. Dakika 25 yule bwana alisimama na kijiti chake, jasho likimkaukia mwilini, akiita majina yetu mmoja mmoja.

Mimi nilipewa zamu ya saba, kutoka Rwambwa nikifuata tuta. Vijana wawili wa huko walinitangulia kwa ajili ya viboko, maana usiku hutoka mtoni kula majani, na kiboko hana mzaha. Alfajiri nilikabidhi kijiti, nikatawadha, nikaswali pale pale kando ya tuta. Baadaye mama mmoja wa Makunda akatukaribisha chai. Nikamuuliza kwa nini magunia yake ya mahindi yako juu darini na vitambulisho vyake amevitia ndani ya mfuko wa plastiki. Akacheka. "Baba, hapa maji huja usiku, na hapa kwetu mvua haijanyesha hata tone."

Maneno hayo ndiyo habari yenyewe. Nzoia huchota maji yake mbali, kwenye Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Mvua hunyesha juu, maji hupokezana kijito kwa kijito, hushuka hadi tambarare ya Budalang'i, na huko hukuta mto umejaa mchanga uliochukuliwa kutoka mashamba ya juu. Matuta yaliyojengwa tangu miaka ya 1970 na 1980 yalipasuka mwaka 2003, yakapasuka 2008, na 2011 tena. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria nalo lilipanda kupita kawaida, mto ukakosa pa kumwagia. Watu wakahamia tena kwenye mahema na madarasa ya shule.

Maji yanakimbia mbio zile zile tulizokimbia sisi, njia ile ile, na yana mwendo wa saa nyingi kabla ya kufika. Muda wa kuonya upo. Swali ni nani anaubeba ujumbe huo na nani anaupokea.

Ukitazama, kila mmoja ana zamu yake. Idara ya Hali ya Hewa hutabiri mvua. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima kina cha mito. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka kazi ya kukabili majanga kwa Serikali Kuu na kwa kaunti, zote mbili. Kwenye karatasi, ni vizuri. Lakini kazi ya wawili isiyo na makubaliano huwa kama mpokeaji wetu aliyelala garini: kila mmoja anadhani mwenzake ameshamwamsha. Kaunti ya juu haiulizwi maji yakishavuka mpaka wake. Kaunti ya chini huanza kazi maji yakishafika jikoni kwa mtu.

Nayasema haya nikifikiria kwetu. Tana ina mabwawa matano huko juu, Masinga likiwa kubwa kuliko yote. Mwaka 2024 Masinga lilifurika, na mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 250 kote nchini. Barabara ya Garsen ililiwa na maji, mabasi ya Lamu yakasimama, Wapokomo na Waorma wakapoteza mashamba na mifugo. Matangazo yalitolewa, sikatai. Lakini tangazo lililosomwa Nairobi jioni si ujumbe uliofika kijijini usiku. Katika mbio, mtoaji hauachii mkono kijiti mpaka ahisi mwenzake amekishika.

Kwa hiyo sidai matuta mapya pekee, ingawa yanahitajika. Nataka kitu cha bei rahisi zaidi: orodha ya majina. Kwenye kila kituo cha kupimia maji, mtu mmoja mwenye zamu ya usiku. Kila kijiji cha ukingoni, wapokeaji wawili, mwanamume na mwanamke, wenye simu na namba zinazojulikana. Ujumbe ukitumwa, mpokeaji ajibu "nimepokea". Asipojibu baada ya dakika 10, apigiwe wa pili, kisha chifu, kisha msikiti na kanisa, ambako vipaza sauti vipo tayari. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga moja peke yake hutoa moshi tu.

Baraza lijalo huko Garsen, Kipini au Hola, muulizeni kiongozi wenu swali moja: maji yakifunguliwa juu saa nane za usiku, nani kwetu anapigiwa simu? Akitaja ofisi, msikubali. Atajie jina la mtu.

Mama wa Makunda alitusindikiza mpaka barabarani. Magunia yake aliyaacha kule kule darini.