Deni Letu kwa Watu wa Mlimani



Katika bonde la Ruzizi tumezoea kuisoma mvua kwenye rangi ya mito. Mto Luberizi, Sange au Runingu ukigeuka mwekundu ilhali huku Mutarule jua ni kali, twafahamu kwamba juu milimani imenyesha. Mwenye shamba karibu na ukingo huchukua jembe na kwenda kutazama mifereji yake, bila kungoja kuambiwa. Wachache kati yetu hujiuliza swali la pili: udongo ule mwekundu unaopita mbele yetu ulikuwa shamba la nani?

Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Milima ya Itombwe, upande wa magharibi, hupanda kupita mita 3,000. Mteremko ni mkali, na safari ya maji kutoka kileleni hadi bondeni ni fupi. Msitu ukiwapo, majani huvunja nguvu ya matone, mizizi hushika udongo, na maji huingia ardhini polepole hata chemchemi zikadumu wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa na nyasi zikichomwa kila mwaka, mvua ileile hushuka kwa mkupuo mmoja. Mwezi wa Aprili 2020 ndugu zetu wa mji wa Uvira walionja uchungu huo, mto Mulongwe ulipovunja kingo zake: makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba zikaharibiwa. Mvua ilikuwa kubwa mno, na nyumba nyingi zilikuwa zimejengwa hadi ukingoni. Hatuwezi kuutwika ukataji wa miti lawama yote. Hata hivyo, mlima ulio uchi huongezea kila mvua ukali wake.

Ni rahisi kumlaumu mwenye shoka. Lakini makala yanayotoka juu hununuliwa na nani? Ni sisi wa bondeni na wa mjini. Sufuria za sikukuu zetu huchemka kwa makala hayo. Matofali ya nyumba zetu, pamoja na ya makanisa yetu madogo, huchomwa kwa kuni. Tukihubiri juu ya utunzaji wa misitu, kisha jioni tukamwita mwenye gunia bila kumwuliza ametoka wapi, mahubiri yetu ni nusu tu.

Tena, historia ya Itombwe yatufundisha jinsi msitu usivyolindwa. Mwaka 2006 Hifadhi ya Itombwe ilianzishwa kwa amri ya waziri, nao wenyeji hawakuulizwa. Watu waliona mashamba yao, makaburi ya wazee wao na mahali pao pa kuokotea dawa vimewekwa ndani ya mpaka wasiouchora, wakapinga. Ilihitaji miaka ya mikutano, na wanavijiji wenyewe kuonyesha kwenye ramani wanapolima, wanapowinda na wasipogusa kamwe, hata mwaka 2016 mkoa wa Kivu ya Kusini ukatangaza mipaka mipya. Miaka kumi ilipita kwa sababu ya swali ambalo lingeweza kuulizwa siku ya kwanza.

Sheria yenyewe sasa imefungua mlango. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 yaruhusu jamii iliyo na msitu kwa desturi za mababu kupewa hati ya msitu huo, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha wakati. Mtu ajuaye kwamba msitu utakuwa wa mjukuu wake ana sababu ya kuuacha mti usimame. Asiyejua kama kesho atafukuzwa ataukata leo. Ndivyo ilivyo pia mbali na kwetu, katika bonde la kati la Kongo. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba chini ya misitu ya maji ya huko kuna udongo mweusi wa majani na miti isiyooza kabisa, wenye tani za kaboni zipatazo bilioni 30. Ulimwengu ulistaajabu, lakini wavuvi na wakulima walikuwa wakiishi kando ya maji hayo tangu zamani.

Kwa hiyo twasema wazi: sisi wa bondeni tuna deni. Wa mlimani wakiacha kukata, wao hukosa fedha ya leo, nasi hupata maji ya kesho. Si haki wao walipe peke yao. Tuanze na kilicho mikononi mwetu. Kila jumuiya yenye kiwanja ipande miti ya kuni, na sikukuu zetu zipikwe kwa miti iliyopandwa. Sisi tuliosomea ualimu, tunaoweza kuandika Kifaransa cha ofisini, tupande mlimani tuwasaidie wenzetu kuandaa ombi la hati, ramani na majina, bila kudai malipo. Tena kila mwaka kabla ya kiangazi, wakulima na wafugaji wakae pamoja wakubaliane njia za ng'ombe na mahali pa kunyweshea, na kingo za mito ziachwe bila kulimwa.

Tunajua tutakayojibiwa: nani atafikiri juu ya miti wakati wa vita? Aliyekimbia nyumba yake akakata tawi ili awapikie watoto hatumhukumu. Na Mutarule haihitaji kufundishwa thamani ya amani. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa hapa kwetu. Hatukumbushi ili kufungua kidonda wala kumshitaki jirani. Twakumbusha kwa kuwa chuki ina mizizi mingi, nayo ardhi ni mmojawapo. Anayengoja amani ije kwanza ndipo azungumze juu ya ardhi, huenda akangoja sana.

Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi wachungaji wa Abramu na wa Lutu walivyogombana, kwa sababu nchi haikuwatosha wote. Abramu, aliyekuwa mkubwa, alimwachia mtoto wa ndugu yake achague kwanza, kisha kila mmoja akashika njia yake. Sisi hatuna njia ya pili ya kushika. Wa juu na wa chini twanywa mto mmoja. Lililobaki ni kumwiga Abramu katika lile tendo lake la kwanza: anayeweza kuachilia kitu, aanze yeye. Gunia la makala tusilolinunua juma hili lingekuwa mwanzo mzuri.