Kongosho Mpya? Sawa, Lakini Tusidanganyane

Wasee, wiki jana binamu yangu alinitumia video. Jamaa anasema ati kisukari kimeisha, unawekewa tu kongosho mpya halafu insulini unatupa kwa pipa. Binamu yangu ana miaka 19 na amekuwa akijidunga tangu darasa la sita. Akaniuliza, "Si tufanye harambee?"

Nimekaa na hilo swali siku mbili. Jibu langu ni hapana, si kwake, si saa hii. Kabla mnitusi, skizeni.

Operesheni yenyewe ni ya kweli. Ilifanywa mara ya kwanza 1966, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Kongosho yako ya zamani haitolewi. Hiyo mpya inashonwa chini ya tumbo, na ikishika inaanza kutoa insulini mara moja. Kwa hospitali zenye uzoefu, zaidi ya 8 kati ya 10 wanaowekewa kongosho pamoja na figo bado hawajidungi baada ya mwaka mzima. Hiyo si mchezo.

Sasa venye video ilinyamazia. Siku za kwanza damu inaweza kuganda kwa mishipa ya hiyo kongosho, na ikiganda, mara nyingi inabidi itolewe. Inaweza kuvimba, kuvuja, ama kuingiwa na usaha, mgonjwa arudishwe kwa upasuaji tena. Ukivuka hapo, kuna vidonge kila siku ya kutuliza kinga ya mwili isiikatae. Kinga ikitulizwa, maambukizi yanapata njia, na hatari ya saratani inapanda. Dawa moja kati ya hizo, takrolimasi, inaweza kuumiza figo na hata kupandisha sukari. Manze, sukari ileile uliyokuwa unaikimbia!

Ndio maana wengi wanaowekewa kongosho ni watu ambao figo zao zilishakufa. Hao watameza hizo dawa hata hivyo kwa sababu ya figo mpya, so kongosho haiwaongezei mzigo mkubwa wa vidonge. Wengine ni wale sukari yao hushuka ghafla bila dalili, mpaka maisha yako hatarini. Binamu yangu figo zake ziko poa. Na kongosho karibu kila mara hutoka kwa mtu aliyefariki, si kama figo, ambayo ndugu yako anaweza kukupa akiwa hai.

Halafu akaniambia kitu kingine, pole pole: siku hizi anapima sukari mara 1 tu kwa siku, ndio stripu zifike mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo niliumia. Tunaota operesheni ya mbali na kijana anakosa stripu hapa mtaani. Sukari ikiachwa juu miaka mingi ndiyo inaua figo, na ndiyo itampeleka kwa hiyo meza ya upasuaji kweli.

So harambee tutafanya. Ya stripu na insulini. Wewe, yule rafiki yako wa kisukari, umemuuliza kama zake zimebaki ngapi?