Hesabu Maji Kabla ya Soda
Je, wewe na wenzako mnapanga kukodi jahazi kutoka Lamu hadi Kiwayu likizo hii? Kabla ya kununua kreti za soda, hesabuni maji. Kila mtu atengewe lita 5 kwa siku, za kunywa na kupikia. Msiwasahau nahodha na mabaharia. Nao hushikwa na kiu. Watu 8 kwa siku 3 ni lita 120. Ongezeni za siku moja, maana upepo ukitulia mtachelewa. Jumla ni lita 160: mitungi 8 ya lita 20, mmoja ukivuja msiangamie. Samaki huenda mkavua, lakini bebeni mchele, ndengu na ndimu. Akiba haiozi.