Maji Hufuata Ukolevu: Kiswahili na Somo la Osimosisi

Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi limerudiwa kwa muda mrefu, na la kusikitisha ni kuwa baadhi ya wanaolirudia ni wanafunzi wa Kiswahili wenyewe. Dai hili halifai kujibiwa kwa nadharia tupu. Na lipelekwe Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira, likapimwe kwa mada moja tu: jinsi maji yanavyopita katika utando wa seli.

Mwanafunzi wa Manga huifikia mada hii akiwa na Ekegusii cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni, lakini hufundishwa kwa Kiingereza. Hukariri kwamba maji hutoka yalipo mengi kwenda yalipo machache. Akiombwa aeleze kwa Kiswahili, huitafsiri kauli hiyo neno kwa neno, na papo hapo maana hupotea. “Mengi” katika Kiswahili ni wingi wa kiasi. Msikilizaji huona pipa lililojaa na kikombe kilicho nusu, au maji ya mvua yakiporomoka kwenye mteremko wa Manga. Hiyo siyo osimosisi.

Neno linalofaa liko jikoni: kukolea. Mchuzi hukolea chumvi, chai hukolea sukari. Ukolevu haupimwi kwa ukubwa wa chombo, kwani kijiko kimoja chaweza kukolea kuliko sufuria nzima. Basi na isemwe hivi: utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi ukitenganisha mimumunyo miwili, maji yanayovuka kwenda upande uliokolea zaidi huwa mengi kuliko yanayorudi. Maneno “kuliko yanayorudi” si pambo. Molekuli za maji huvuka pande zote mbili wakati wote. Hata ugunduzi uliompa Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003 hauilemei lugha hii: katika tando za seli nyingi mna vijia vya protini vinavyopitisha maji kwa kasi kubwa.

Kipande cha kiazi kikitiwa katika maji yaliyokolea chumvi hulegea. Kikitiwa katika maji matupu hukakamaa. Huo ni mfano wa maabara. Wenye uzito zaidi uko shambani. Mahindi machanga yakirundikiwa mbolea ya chumvichumvi karibu na mizizi huweza kunyauka ilhali udongo umelowa. Husemwa kuwa mbolea “imeyachoma.” Moto haupo. Maji ya udongoni yamekolea kuliko yaliyomo mizizini, hivyo mzizi hushindwa kuyavuta, na huenda ukapoteza hata yale uliyokuwa nayo. (Ajabu ni kwamba jina la mbolea yenyewe, chumvichumvi, lilikwisha kuligusa jibu.) Mkulima aliyeambiwa kuwa udongo umekolea mno anaweza kufikiri mwenyewe la kufanya: kupunguza kipimo, kutenganisha mbolea na mbegu kwa udongo, kumwagilia maji. Aliyeambiwa “imechoma” hubaki akikisia.

Zahanati nayo ina mfano wake. Maji ya chumvi ya dripu huwa na gramu 9 za chumvi kwa lita, ukolevu unaokaribiana na ule wa damu. Maji matupu yakiingizwa mshipani, chembe nyekundu za damu huvimba na kupasuka.

Haiwezi kusemwa kuwa istilahi hazipo. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Pungufu ni sentensi: maelezo marefu, yaliyofikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, ambamo istilahi hizo zingefanya kazi. Pungufu hilo si la wanasayansi peke yao. Wanaisimu huandika tasnifu kuhusu uundaji wa istilahi, kisha huziacha kwenye majedwali.

Wanachama wa vyama vya Kiswahili watokao Gusii wanaweza kuanza likizo ijayo kwa kurasa mbili tu kuhusu osimosisi. Wamsomee mwanafunzi wa shule ya sekondari, kisha wamsomee mzazi wake anayelima, na kila sentensi itakayomkwaza mmoja wao iandikwe upya kabla ya kupelekwa kwa mhariri.