Maji Matamu ya Dagoni



Likizo iliyopita tulilala siku tatu katika dago la wavuvi kisiwani Kiwayu, kaskazini-mashariki ya Pate, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Malazi yalikuwa banda la makuti na mkeka juu ya mchanga. Upande wa bara maji hutulia penye mikoko; upande wa bahari kuu mawimbi huvunjika usiku kucha. Maji matamu yalikuja kwa mashua: mitungi minne, watu tisa.

Alfajiri ya kwanza tulitawadha kwa maji hayo bila kujibana, kama tulivyozoea msikitini. Wenyeji wetu walinyamaza kwa heshima, wakashuka pwani kutawadha kwa maji ya chumvi. Siku ya tatu walirudi na changu na tewa, midomo imewakauka. Kijana wao akauinamisha mtungi wa mwisho, yakatoka matone.

Hapo tukaikumbuka Hadithi tunayoisomesha kila mwaka: msafiri wa baharini, mwenye maji machache ya kunywa, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama yafaa kutawadha kwa maji ya bahari. Akajibiwa kuwa maji yake ni twahara, na kilichokufa ndani yake ni halali.

Tuliwaomba radhi, wakatusamehe kwa kicheko. Aibu tumebaki nayo.

Enyi wazazi, mkiwapeleka watoto visiwani, wafunzeni kuuliza kwanza: maji haya ni ya nani, nayo yatosha siku ngapi?

Wabillahi tawfiq.