CHAN Imekuambukiza Mpira? Kabla Uchague Timu ya Uingereza, Cheki Hii Kwanza

Jumatano usiku, Agosti 27, 2025, saa sita ikiwa imepita, magrupu ya WhatsApp ya wasee wa Manchester United yalinyamaza kama matanga. Grimsby Town, timu ya daraja la nne, ilikuwa imewatoa Carabao Cup kwa penalti 12-11 baada ya sare ya 2-2. Daraja la nne, bana! Bryan Mbeumo, aliyenunuliwa msimu huo kwa zaidi ya pauni milioni 60, akagonga mwamba. Mafans wa Arsenal hawakulala, walikuwa na kazi ya kutengeneza meme.

Cha kushangaza ni kwamba wiki hiyo hiyo kuna watu wanatafuta mlango wa kuingilia hayo mateso kwa hiari yao. Wa kulaumiwa ni CHAN. Harambee Stars ilichapa DR Congo, ikachapa Morocco, ikachapa Zambia, ikamaliza kundi na pointi 10 kwa mara yake ya kwanza kabisa kwa hiyo mashindano. Msee ambaye mwezi wa saba hakuwa anajua ofsaidi ni nini, Agosti 10 alikuwa anapiga nduru Ryan Ogam alipofunga Morocco. Alafu Madagascar wakatutoa kwa penalti, na fainali ikachezwa Kasarani bila sisi. Homa ya mpira imebaki, timu ya kushangilia kila wikendi hakuna. So sasa swali liko kila mahali, kwa mat, kwa kinyozi, kwa ofisi: mimi nishike timu gani ya EPL?

Jibu la haraka ambalo ungepewa 2025 lilikuwa “shika Liverpool, ndio mabingwa.” Hilo ndilo jibu mbaya kuliko yote, na sina ubaya na Liverpool.

Cheki venye Waingereza wenyewe hufanya. Hawachagui. Mtoto akizaliwa Sunderland ni wa Sunderland, na hata Newcastle ikinunuliwa na hazina ya serikali ya Saudia, na iko hapo karibu kabisa, hawezi hama. Sunderland walishuka 2017, wakateremka hadi daraja la tatu, na 2025 ndio wakarudi ligi kuu. Miaka minane! Na watu walikuwa wanakuja uwanjani hata huko chini. Hao watu hawakuwa wanafuata kombe. Timu ni ya mtaa, ni ya fathe, ni ya guka, basi.

Sisi huku hatukuzaliwa hapo, so tulichagua kwa kombe. Ukitaka kujua umri wa msee bila kuitisha kitambulisho, muulize timu yake. Wa Man U wengi waliingia enzi za Ferguson. Wa Arsenal walinaswa na Henry na Kanu na ule msimu wa 2003/04 wa bila kushindwa. Chelsea ilikuja na Drogba na Essien. Kuna wa Liverpool wa Istanbul 2005, na kuna wa City ambao ukiwauliza walikuwa wapi kabla ya lile bao la Aguero 2012 wanaanza kukohoa.

Na hizo hesabu zimewalipa aje? Man U hawajashika ligi tangu 2013, na msimu wa 2024/25 walimaliza nambari 15. Arsenal, kutoka 2004 hadi 2025, ilikuwa ni story. Hadi 2025 walikuwa wamemaliza nambari mbili misimu mitatu mfululizo. Kulikuwa na mafans wa Arsenal walio na kitambulisho, walio na watoto, na hawakuwa wamewahi ona timu yao ikibeba ligi wakiwa na akili timamu. Leicester walishinda ligi 2016 wakati mabuki walikuwa wamewapea 5,000 kwa 1, na 2025 wakashuka hadi Championship. Kombe unaloliona leo ni la jana. Ukishika timu ju ya kombe, umenunua tiketi ya mat ambayo imeshaondoka steji.

Basi mchezaji? Usijaribu. Agosti 2025 Alexander Isak aligoma Newcastle ju alitaka kwenda Liverpool, na wenzake walichapwa 3-2 na hao hao Liverpool nyumbani kwao, bao la dakika za mwisho kabisa kutoka kwa kijana wa miaka 16, Rio Ngumoha. Eberechi Eze ndiye aliyefungia Crystal Palace bao la FA Cup Mei 17, 2025, wakachapa City 1-0, kombe kubwa la kwanza katika historia yao yote. Miezi mitatu baadaye amevaa jezi ya Arsenal. Uliyenunua jezi ya Eze ya Palace, pole, iko fiti kwa kulala.

Hiyo Palace tukae nayo kidogo, ju inaonyesha kitu. Walishinda kombe, wakapata nafasi ya Europa League, alafu UEFA ikawashusha hadi Conference League. Mpira hauhusiki. Ni vile John Textor, aliyekuwa na hisa Palace, alikuwa pia na Lyon ya Ufaransa, na sheria hazitaki mtu mmoja kwa timu mbili ndani ya mashindano moja. Wakakata rufaa, wakaanguka Agosti 2025. Shabiki hakukosea chochote. Alilia Wembley kwa furaha, akaadhibiwa kwa makaratasi ya tajiri. Hivyo ndivyo kushabikia klabu ya Uingereza ilivyo siku hizi: roho ni yako, ufunguo uko kwa mtu mwingine. City ni ya Sheikh Mansour wa Abu Dhabi na ilifunguliwa mashtaka zaidi ya mia moja na ligi Februari 2023. Man U ni ya familia ya Glazer, na mafans wao wamewapigia kelele tangu 2005. Arsenal walikuwa na “Visit Rwanda” kwa mkono wa jezi, na 2025 serikali ya Congo iliwaambia waitoe kwa sababu ya vita ya M23. Kama uko na marafu kutoka Goma, hiyo jezi haikuwa nguo tu kwake. Sisemi usishike hizo timu. Nasema ujue unavaa nini.

Sasa, kama kombe hapana na mchezaji hapana, unachagua na nini? Mimi naona hivi: Mwingereza anachaguliwa timu na mahali alipozaliwa, na wewe chaguliwa na mahali unapoangalia. Base yako ndiyo mtaa wako wa mpira. Ile hoteli ya chapo madondo yenye TV ukutani, ile pub ndogo, ile kibanda ya benchi za mbao penye unatoa finje kwa mlango. Watu watakaokuwa na wewe hapo Jumamosi mbaya ya Februari, timu ikichapwa 3-0 na mvua inanyesha nje, hao ndio timu. Mengine ni jezi.

Fikiria msee anaamua kuwa tofauti, anashika Brentford peke yake mtaa mzima. Poa, ni klabu safi, inaendeshwa kwa akili. Lakini siku Brentford wakifunga dakika ya 90 ataruka na nani? Atakumbatia ukuta? Furaha ya mpira ni ya kugawana na matusi pia ni ya kugawana. Ndio maana naambia mtu mpya, usianze na msimamo wa ligi, anza na kuhesabu watu wako. Mbogi yako ni ya Chelsea? Mathe ni wa Arsenal? (Wako, na ni wakali kuliko wewe.) Kuna msee kazini wa Everton anakaa pekee yake kila Jumatatu kama mjane? Hapo tayari umepata sababu nzuri kushinda takwimu zote.

Na uangalie saa, ju hii watu husahau. Mechi ya Jumamosi ya saa tisa yao, kwetu ni saa kumi na moja jioni, na wakibadilisha saa mwisho wa Oktoba inakuwa saa kumi na mbili. Hiyo ni raha tupu, na kuna utamu ndani yake wenye wengi hawajui: Mwingereza kule kwao haruhusiwi kuonyeshwa hiyo mechi moja kwa moja kwa TV. Ni sheria yao ya zamani ya kulinda viwanja vidogo visikae tupu. Man U wakicheza Jumamosi saa tisa yao, msee wa Manchester bila tiketi atasikiza redio, na wewe wa Githurai uko na picha kubwa na soda baridi.

Lakini timu ikiingia Ulaya mambo yanageuka. Champions League ni saa nne usiku, na baridi ya kwao ikifika ni saa tano. Mechi inaisha karibu saa saba. Utafika keja na nini? Mat zimepunguka, boda anakuitisha soo tatu na kukuangalia vibaya, na kesho kazi ni saa mbili. Kwa dem anayetoka base usiku huo, hesabu ni ngumu zaidi na haina jokes. Ukiwa na timu ya Ulaya, pata watu mnaorudi nao njia moja. Man U msimu wa 2025/26 walibarikiwa hapo: Ulaya hawakuwa, Carabao walitoka, walilala mapema.

Tufike kwa doo, ju hapa ndipo homa inageuka ugonjwa. Kwa wengi wetu timu na mkeka vinaingia siku moja. Unashika Arsenal leo, kesho unaiwekea mbao, kesho kutwa umefuliza ndio uirudishe. Cheki nani anakula upande wa pili. Tony Bloom wa Brighton na Matthew Benham wa Brentford wote walitengeneza pesa yao kwa kamari kabla ya kumiliki klabu, na hawakuitengeneza kwa “nimeota Chelsea.” Waliajiri watu wa hesabu. Yaani pesa ya kamari ilinunua klabu mbili za ligi unayotaka kubetia na simu ya bundles za mbao. Ligi yenyewe ilikubali kwamba msimu wa 2025/26 ukiisha, majina ya kampuni za kamari yatoke mbele ya jezi. Wao wameanza kuona aibu. Sisi bado tunaitisha odds.

Na si pesa tu. Mei 2009, usiku ambao Man U waliitoa Arsenal kwa Champions League 3-1, shabiki mmoja wa Arsenal hapa Nairobi alijitoa uhai. Ilitangazwa dunia nzima, watu wakaifanya story ya kuchekesha ya “Waafrika na EPL.” Haikuwa inachekesha. Kuna kitu huyo msee alikuwa amebeba kabla ya mpira, na pengine hakukuwa na mtu kwa benchi la karibu wa kumuuliza. Ndio narudi pale pale kwa base. Ukikosea, utashika timu ambayo kazi yake ni kukuumiza ukiwa peke yako na simu, usiku, mkeka umechanika. Ukiwa na watu, kuchapwa ni matusi ya wiki moja na chai ya kununuliana.

Kama unataka timu yenye ina harufu ya nyumbani, ziko. Victor Wanyama alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza EPL, akiwa na Southampton 2013, alafu akaenda Tottenham. Divock Origi, ambaye fathe wake Mike Okoth aliichezea Harambee Stars, ndiye alifungia Liverpool mabao mawili ile siku ya Barcelona 4-0, na lingine kwa fainali ya 2019. Na Everton waliwahi kuja Kasarani, Julai 2019, wakacheza na Kariobangi Sharks. Sharks wakawapiga kwa penalti. Ukishika Everton unashika timu ambayo watoto wa Kariobangi wameshaichapa, na kwa roho yangu hiyo ni sababu tosha.

Lakini usidanganywe kwamba lazima iwe ya huko pekee. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Austin Odhiambo uliyempigia makofi alikuwa wa Gor Mahia. Ogam alitoka Tusker. Bingwa wa ligi yetu msimu wa 2024/25 alikuwa Kenya Police, mara yao ya kwanza, na uwanja ukiwa tupu unaweza kusikia kocha akitukana. Unaweza kuwa na ya hapa na ya kule, hakuna askari atakushika.

Fikiria siku Liverpool wanakutana na Arsenal pale Anfield. Kila base itajaa. Usivae jezi. Usiweke mkeka. Fika mapema ukae katikati, alafu baada ya firimbi ya mwisho cheki upande ulioshindwa: nani anacheka na mwenzake, nani anamalizia mwenzake bili, na nani amekuuliza jina lako.