Acheni Kununua Wati, Nunueni Redio Mbili

Wacha niseme hii kitu wazi ndio tusonge. Mtu anayekuambia huwezi kutuma data kwa redio ya mkononi ya bei ya chini anakudanganya. Na yule anayekuuzia redio hiyo hiyo kwa sababu imeandikwa "wati 8" kwa boksi anakudanganya pia. Wote wawili wanakumalizia doo, na hakuna hata mmoja amekuelezea paketi ni nini.

Naongea juu ya redio za ridhaa, zile ambazo watu wenye leseni hutumia kujifunza na kuwasiliana bila kulipwa. Wengi mnajua ni za kupiga stori. Lakini tangu miaka ya 1980 watu wamekuwa wakitumia redio hizo kutuma data, kompyuta kwa kompyuta, bila laini ya simu wala bando. Hiyo ndio paketi.

Inafanya kazi hivi. Programu kwa laptopu yako inachukua ujumbe na kuukata vipande. Kila kipande kinabeba jina la anayetuma na la anayetumiwa, na hesabu ya kuangalia kama kimeharibika njiani. Itifaki yake inaitwa AX.25. Alafu kipande hicho kinageuzwa kuwa sauti: toni mbili, moja ya hezi 1,200 na nyingine ya hezi 2,200, zikibadilishana haraka. Mwendo ni biti 1,200 kwa sekunde. Ukiisikia hewani ni kama mtu anararua karatasi karibu na maiki.

Sasa tulia hapo kidogo. Kama data imeshakuwa sauti kabla haijafika kwa redio, redio inahitaji kufanya nini cha ajabu? Hakuna. Inapitisha sauti tu, vile inapitisha ya soldier wa gate akiuliza nani amefungulia hiyo gari. Akili yote iko kwa kompyuta. Zamani ilibidi ununue kisanduku cha modemu kando. Sai kuna Dire Wolf, programu ya bure inayoendeshwa kwa laptopu ama kwa Raspberry Pi. Kwa simu ya Android kuna APRSdroid.

Kwa hivyo ukiskia mzee wa redio anakuambia, "Kijana, kama si Kenwood usijisumbue," muulize kwa heshima: kujisumbua na nini? Kenwood TH-D75 ni redio kali, modemu iko ndani, sibishi. Lakini ni zaidi ya dola 600. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya elfu 78, kabla ya usafiri na ushuru. Baofeng UV-5R kwa kawaida huuzwa kati ya dola 20 na 30, yaani 2,600 hadi 3,900. Zote mbili zinatuma toni zile zile za 1,200.

Na hapa ndipo hoja yangu kubwa iko. Mtandao si kifaa kimoja. Ukinunua redio moja ya elfu 78, utakaa kwa balcony ukitumia nani data? Ukuta? Paketi ilitengenezwa ipokezane: kituo changu kinaskia chako, kinarudia ujumbe wako, unafika kwa yule ambaye hukuwa unamfikia. Kila kituo kipya kinawapa wengine wote njia mpya. Pesa ya hiyo redio moja inatosha vituo vitano na zaidi, hata ukihesabu kebo na antena. Mnaosema bei ya chini ni ya wale hawajajipanga, mmeishika kinyume. Bei ya chini ndio inajenga mtandao. Bei kali inajenga kabati la maonyesho.

Tuje kwa wauzaji. Wati. Kila tangazo ni wati. Kutoka wati 4 hadi 8 unapata desibeli 3, na kwa ile mita ya nguvu ya mawimbi ambayo wanaredio hutumia, hiyo ni nusu ya hatua moja. Haionekani. Mawimbi ya megahezi 144 husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hivyo kinachoamua ni kama njia iko wazi. Ukiwa juu ya Ngong na redio ya wati 4 utafika mbali kuliko mtu mwenye wati 50 kwa basement ya Nairobi. Badala ya kulipia wati, tengeneza antena. Robo ya wimbi kwa masafa haya ni karibu nusu mita ya waya, na waya zingine nne chini yake. Ipandishe juu ya paa na uache kulalamika.

Basi ukinunua, angalia nini? Kwanza, mahali pa kuchomeka maiki na spika ya nje. Zile tundu mbili za mtindo wa Kenwood ziko kwa redio nyingi za Kichina, na kebo zake ni rahisi kupata. Tafuta kebo yenye kadi ya sauti ndani yake, inayoweza pia kubonyeza kitufe cha kutuma yenyewe. Kuna muundo wa wazi unaitwa AIOC, unaweza hata kuutengeneza. Usitegemee ile hali ya redio kuanza kutuma ikiskia sauti. Inachelewa kuamka na inachelewa kuachilia, na paketi inakatwa kichwa.

Pili, mipangilio. Zima hali ya kuokoa betri, kwa sababu redio inalala na ujumbe unapita ikiota. Fungua kabisa kile kizuizi kinachonyamazisha ule mvumo wa shhh. Itapiga kelele, lakini programu haichoki kuskiza. Kwa programu, acha kama nusu sekunde kati ya kubonyeza na kuanza kwa data. Watu wengi hutupa redio nzima kwa sababu ya mambo haya matatu, alafu wanaenda kwa mitandao kusema paketi haifanyi kazi.

Wazee wana haki kwa mambo mawili, na nitawapa. Ukitaka mwendo wa 9,600, redio hizi za bei poa hazitoshi. Zinachuja sauti sana, na hapo unahitaji redio yenye tundu maalum la data. Lakini anayeanza hahitaji 9,600. La pili ni zito. Maabara ya ARRL, chama cha wanaredio wa Marekani, imepima redio nyingi za aina hii na kukuta baadhi zinamwaga mawimbi kwenye masafa yasiyo yao, kupita kiwango. Hiyo ni ukweli. Kwa hivyo, kabla uweke antena kubwa, tafuta mtu mwenye kifaa cha kupima, hata kwa maabara ya uhandisi ya chuo chenu. Ikiwa chafu, weka kichujio ama uirudishe. Bei poa si kisingizio cha kuharibia wengine hewa.

Na manze, leseni. Redio hizi zinaweza kutuma popote kati ya megahezi 136 na 174, na huko kuna watu wa usalama na wa dharura. Nambari unayoweka ni jukumu lako. Leseni inatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na vifaa vyenyewe vinafaa kuwa vimeidhinishwa. Uliza kabla ya kuagiza. Jina lako la hewani litaanza na 5Z4, na litakuwa ndani ya kila paketi. Chama cha wanaredio wa Kenya, ARSK, kipo. Waulizeni maswali mpaka wachoke.

Najua kuna wenye wanataka hii kitu kwa sababu nyingine. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikatambaa. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, ikazorota tena tukiwa barabarani. Naelewa. Lakini usinunue redio ya ridhaa ukidhani ni WhatsApp ya siri. Kanuni haziruhusu kuficha ujumbe kwa msimbo, na kila mtu anaskia. Pia mwendo ni wa kobe: picha ya kilobaiti 100 itachukua zaidi ya dakika 11. Kile inafanya vizuri ni maandishi mafupi. Ujumbe wa herufi 160 unapita kwa sekunde moja na kitu. Mafuriko yakichukua mlingoti wa simu, "tuko watu sita, mmoja ameumia, tuko shuleni" ni herufi chache sana.

Tunasoma mitandao kwa slaidi, tunafanya mtihani, na wengi hatujawahi kushika paketi kwa mkono. Hapa unaiskia ikipita, unaona ikiharibika, unajua ni kwa nini. Hata kituo cha anga za juu cha ISS kimewahi kurudia paketi kwa megahezi 145.825, na huwa kinapita juu yetu. Ukishapata leseni, shika waya wako uangalie juu.

Kwa hivyo tafuta rafiki mmoja. Mchange. Fanyeni leseni pamoja, mnunue redio mbili za bei poa, kebo mbili, na waya wa antena. Mmoja Rongai, mwingine Lang'ata. Siku ujumbe wa kwanza utafika, mtakuwa na mtandao ambao hakuna mtu anawatumia bili. Alafu mtafute wa tatu.